Boti ya aluminiamu si pikipiki: umeme unaokula bodi polepole

Asubuhi moja pa Bukavu, kwenye ufuko ambapo mafundi wanapandisha boti juu ya mchanga, muzee mmoja mwenye boti alituita tuone kitu. Boti yake ya aluminiamu, ile yenye kubeba abiria na mizigo midogo kuelekea Idjwi, ilikuwa imelazwa ubavu. Kwa mbali rangi ilikuwa bado nzuri, haijamaliza mwaka. Lakini ukikaribia, upande wa nyuma, karibu na pahali mota inafungiwa, ilikuwa imevimba vipele vipele kama ngozi ya mtoto mwenye tetekuwanga. Fundi akabonyeza kipele kimoja na ncha ya bisibisi. Kikapasuka, kikatoa maji kidogo na unga mweupe. Akasukuma tena kidogo. Bisibisi ikaingia mpaka ndani.

Muzee alikaa kimya. Siku mbili mbele, boti hiyo ilikuwa imevuka ziwa na watu kumi na moja.

Kama kawaida, kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja akasema: "Mayi ya ziwa njo inakula." Mwingine akasema aluminiamu yenyewe ni ya uongo. Wa tatu, aliyekuwa anauza rangi pale pembeni, akasema rangi ilikuwa mbaya, angenunua ya kwake. Halafu kijana mmoja akaonyesha mota na kusema: "Ona, mota iko muzuri, zinki yake ingali mupya kabisa!" Alisema hivyo kama habari njema. Kumbe pale ndipo jibu lilikuwa limejificha.

Boti nyingi za Kivu na za Tanganyika ni za mbao, na mambo haya hayazigusi sana, isipokuwa misumari yake. Lakini boti za aluminiamu ziko: za abiria, za huduma za afya, za wavuvi wakubwa, za walinzi. Na tangu pano za jua, taa za LED, redio na chaja za simu ziingie ndani ya boti, ugonjwa huu unapata njia nyingi za kuingia.

Ngozi ambayo huioni

Aluminiamu ni chuma chenye kupenda sana kushikana na oksijeni. Ukiikwangua sasa hivi, papo hapo hewa inaijengea ngozi mpya, nyembamba sana, jicho haliwezi kuiona. Ngozi hiyo ndiyo inafanya sufuria isiishe jikoni, na ndiyo inafanya bodi ya boti iweze kukaa majini miaka mingi hata bila rangi. Kumbe chuma chenyewe ni kitu dhaifu mbele ya maji. Ngozi ndiyo askari.

Askari huyo ana mipaka. Wenye maabara wanapima ukali wa maji kwa kipimo cha pH: 7 ni katikati, chini yake maji yanaelekea asidi, juu yake yanaelekea magadi. Ngozi ya aluminiamu inatulia vizuri kati ya 4 na 8,5 hivi. Maji ya bahari yako karibu 8,1. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yako karibu 9, na ya Tanganyika vilevile. Hii peke yake haiui boti, watu wasiogope. Lakini maana yake ni kwamba ndani ya maziwa yetu ngozi ile inafanya kazi kwa shida zaidi, na kosa dogo ambalo lingesamehewa pengine, hapa linalipwa haraka.

Kuna jambo la pili, na ndilo kubwa: maji ya Kivu yanapitisha umeme kuliko watu wanavyofikiri. Si ya chumvi mdomoni, lakini yana madini mengi, juu ya miamba ya volkano na chemchemi zenye kuingia ziwa kutoka chini. Kwa kipimo cha maikrosimensi kwa sentimita, maji ya juu ya Kivu yanafika karibu 1 200, na ya Tanganyika karibu 670. Mto Kongo wenyewe uko chini ya 100. Bahari, ndiyo, inapita wote: karibu 50 000. Kwa hiyo fundi aliyejifunzia kazi yake Kisangani, ambako maji ya mto ni karibu kama maji ya mvua, anaweza kufunga waya ovyo ovyo na asione matokeo kwa muda mrefu. Akileta mtindo huo huo pa Bukavu ao Uvira, ziwa litamwonyesha.

Kosa la masi

Sasa turudi ku boti ya muzee. Miezi saba mbele, fundi wa pikipiki alikuwa amemfungia taa nne, redio na chaja za simu za abiria. Kazi safi kwa macho. Waya za chanya zilitoka ku batri, zikapita mu fizibo, zikaenda ku kila kitu. Lakini waya za hasi hazikurudi ku batri. Zote zilishikwa na bulo moja lililotobolewa kwenye bodi, chini ya ubao wa kukanyagia. Ni vile pikipiki inafungwa, na gari pia: chuma chote cha chombo kinakuwa masi, ndiyo kusema njia ya umeme kurudi nyumbani. Unaokoa nusu ya waya.

Ku pikipiki haina ubaya, sababu pikipiki haikai ndani ya maji. Boti inakaa ndani ya maji, na maji nayo ni waya.

Fuata njia ya umeme wenyewe utaelewa. Umeme unatoka ku taa, unaingia ndani ya bodi, unatafuta kurudi ku hasi ya batri. Hasi ya batri imefungwa ku mota. Mota imefungwa ku bodi, hilo ni kweli, lakini kati yake kulikuwa ubao mnene, rangi, na bulo zilizoshika kutu. Njia ya chuma kwa chuma ilikuwa mbaya. Basi sehemu ya umeme ikachagua njia nyingine: ikatoka nje ya bodi, ikapita majini, ikaingia ku mguu wa mota ulioko hatua chache nyuma. Pahali umeme unatokea kutoka ku chuma kuingia majini, pale chuma kinayeyuka. Pahali unaingilia kutoka majini, chuma kinalindwa. Njo maana zinki ya mota ilikuwa mupya: bodi yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa zinki ya mota. Na muzee akakumbuka kwamba taa zilikuwa zinafifia tangu mwezi wa pili, akafikiri ni batri inazeeka.

Hesabu yake inatisha kidogo. Ampere 1 ikitoka ku bodi kuingia majini mwaka mzima inaondoa karibu kilo 2,9 za aluminiamu. Hakuna mtu atakayeacha ampere nzima ipotee hivyo, sawa. Chukua miliampere 100, umeme wa taa moja ndogo ya LED. Kwa mwezi ni gramu 24 hivi. Tundu lenye upana wa milimita 5 ndani ya bati lenye unene wa milimita 3 lina gramu 0,16 tu. Gawanya mwenyewe. Kwa bahati umeme hauchimbi wote pahali pamoja, lakini unapenda pale rangi imekwaruzwa, kwa hiyo boti yenye rangi nzuri yenye mikwaruzo michache inaweza kutoboka haraka kuliko boti isiyo na rangi kabisa. Watu wengi hawaamini hilo tunapowaambia.

Vyuma viwili havipendani

Hata bila batri, kuna umeme mwingine. Ukigusanisha vyuma viwili tofauti ndani ya maji, unatengeneza batri ndogo, na kimoja kinakula kingine. Kwenye foleni ya vyuma, magnezi ndiyo inajitoa ya kwanza, inafuata zinki, halafu aluminiamu, halafu chuma cha kawaida, mwishoni shaba na inoksi. Aluminiamu ikikutana na shaba, aluminiamu ndiyo inalipa, kila mara.

Basi robine ya shaba iliyofungwa moja kwa moja ku bodi ni mbaya. Tumia ya plastiki ngumu ao ya aluminiamu. Bulo za inoksi zinakubalika sababu ni ndogo mbele ya bati kubwa, lakini weka shashi ya plastiki chini yake na grisi ama silikoni kwenye uzi, la sivyo baada ya miaka miwili utaona unga mweupe umeizunguka na hutaweza kuifungua. Hata ule mwisho wa shaba wa waya za muzee, uliokaa chini ya bulo mu unyevu, ulikuwa umechimba bakuli dogo kwenye bati ukiwa peke yake.

Shaba ina hila nyingine ambayo watu hawaijui. Waya wa pompa ya kutoa maji ukichubuka na kukaa ndani ya maji yaliyo tumboni mwa boti, shaba inayeyuka na kuyageuza maji kijani. Shaba hiyo inaenda kujibandika juu ya aluminiamu, chembe chembe, na kila chembe inaanza kuchimba shimo lake. Ukiona maji ya kijani ndani ya boti ya aluminiamu, usiseme ni uchafu. Kausha, safisha, tafuta waya.

Vilevile sarafu ya zamani ya shaba iliyoanguka chini ya ubao. Vilevile rangi ya kuzuia majani yenye unga wa shaba, ile nzuri sana ku boti za mbao: usiipake kamwe ku aluminiamu. Na makala. Wale wenye kubeba magunia ya makala wanajua vumbi lake linaingia kila pahali. Ndani yake kuna majivu, na majivu yakilowana yanafanya maji ya magadi makali yanayokula ile ngozi. Boti iliyobeba makala inapaswa kuoshwa ndani siku hiyo hiyo.

Lakini hatari kupita zote kwa upande huu wetu ni zebaki. Mu Kivu ya Kusini na mu Ituri wachimbaji wa dhahabu wanaitumia, na inasafiri na watu, mu vichupa, mu mifuko. Tone moja likimwagika juu ya aluminiamu iliyokwaruzwa linaingia chini ya ngozi na kuizuia isijijenge tena, na chuma kinaota ndevu nyeupe na kuoza. Kwa sababu hiyo ndege zinakataa zebaki ndani ya mizigo. Kapiteni wa boti ya aluminiamu ana haki ya kuuliza abiria kama wanabeba zebaki, na ana haki ya kukataa. Tena ni sumu kwa watu na kwa samaki, kwa hiyo ikimwagika usiifute kwa mikono.

Kutafuta ugonjwa: kwanza macho

Pandisha boti, ioshe, iache ikauke, na uangalie kabla ya mtu yeyote kupiga msasa. Fundi akishapiga msasa, ushahidi umekwisha.

Pahali mashimo yako ndipo pa kuanzia. Yakizunguka bulo ao robine moja, ni vyuma viwili. Yakijaa upande mmoja wa nje, hasa unaotazama mguu wa mota ao unaotazama boti jirani pale unapofunga, fikiria umeme uliopotea. Yakiwa ndani tu, chini ya mbao, chini ya zulia, pahali mchanga unakaa na maji, basi mara nyingi hakuna umeme wa batri kabisa: ni unyevu uliofungiwa bila hewa, ngozi inakosa oksijeni ya kujijenga. Dawa yake ni kutoa mchanga na kuacha hewa ipite. Tumeona watu wakinunua zinki juu ya ugonjwa ambao ungeponywa na ufagio.

Kisha tazama zinki, ao tuseme kile kipande cha kujitolea, kilichofungwa ku mota na ku bodi. Kikiwa kimelika nusu, kinafanya kazi, kibadilishe. Kikiwa kimeisha kwa miezi mitatu wakati zamani kilimaliza mwaka, kuna kitu kimebadilika: tafuta. Kikiwa kizima kabisa huku bodi inaumwa, hakishiki umeme, ao bodi inakilinda kama ilivyokuwa kwa muzee. Na tafadhali, usikipake rangi. Tumeona hilo mara nyingi: mtu anapaka boti nzima, anapenda ionekane safi, anapita na brashi juu ya zinki pia. Zinki iliyopakwa rangi ni jiwe tu.

Halafu multimeta

Hii ni ile wengi wanaita testeri. Ya bei ndogo inatosha. Usijaribu kupima mambo yote kwa wakati mmoja. Anza na hivi.

Zima kila kitu. Toa kable ya chanya ku batri. Weka multimeta upande wa ampere, tundu la 10 A kwanza ili usiichome, halafu iweke kati ya ncha ya batri na ile kable uliyotoa. Umeme wote wenye kutoka unapita ndani yake. Usiwashe mota wakati huo, utaiunguza multimeta. Kama kila kitu kimezimwa, inapaswa kusoma sifuri ao miliampere chache sana, labda za redio yenye kukumbuka saa. Ikisoma miliampere 30, 50, 100, kuna pahali panavuja. Toa fizibo moja moja. Ile ambayo ukiitoa namba inaanguka, njia yake ndiyo yenye kidonda. Mara nyingi ni ya pompa, sababu pompa inafungwa bila swichi na waya zake zinalala majini.

Kipimo cha pili kinatafuta masi. Toa kable zote mbili ku batri. Toa pia kable za mota, maana mota nyingi za kufunga nyuma zina hasi iliyoshikana na chuma chake tangu kiwandani, na itakudanganya. Weka multimeta upande wa ohm. Ncha moja iguse bodi pahali palipokwanguliwa paking'aa, nyingine iguse waya mkubwa wa hasi wa taa na vyombo. Kama iko wazi, ama inasoma maelfu mengi ya ohm, vizuri. Ikisoma ohm moja ao mbili, mtu alifunga masi ku bodi. Tenganisha chombo kimoja baada ya kingine mpaka umwone. Rudia na waya wa chanya, swichi zote zikiwa zimewashwa.

Usisahau antena ya redio, ambayo chuma chake cha nje ni hasi na mara nyingi kinafungwa ku nguzo ya aluminiamu. Na pano ya jua: fremu yake iguse bodi, haidhuru, lakini waya wake wa hasi usiguse. Regilateri nyingi za bei ndogo zinaongoza umeme kwa kukata upande wa hasi. Ukishafunga hasi ya pano ku bodi, na hasi ya batri nayo inafika bodi kupitia mota, umeipita regilateri kando. Batri itachemka na bodi itakula umeme, kwa pigo moja.

Kipimo cha tatu ni cha zinki. Ohm kati ya kipande hicho na bodi: inapaswa kuwa chini ya 1. Ikizidi, fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga tena.

Matengenezo yenyewe, ukishajua, si ya ajabu. Kila chombo kiwe na waya wake wa kwenda na waya wake wa kurudi mpaka ku batri. Bodi haibebi umeme wa mtu yeyote. Mota inabaki na kable zake mbili nene, na kama mota na bodi vinagusana, viguse pahali pamoja pazuri, si kwa bahati nasibu kupitia kutu. Waya zipite juu, mbali na maji ya chini. Pahali pa kuunganisha pawe juu ya mbao, pasizame. Weka swichi kubwa ya kukata batri, na uikate kila jioni. Swichi hiyo moja inaweza kuokoa boti yenye makosa mengine kumi.

Jirani na chaja

Boti inaweza kuwa safi kabisa na bado ikaliwa na jirani. Ukiifunga kwa mnyororo ku meli ya chuma ao ku gati la chuma, umeunganisha aluminiamu na chuma ndani ya maji yale yale, na usiku mzima aluminiamu inalipa deni la meli. Funga kwa kamba. Ni bei ndogo kuliko mnyororo.

Ukichaji batri ndani ya boti kwa umeme wa SNEL ao wa jenereta, waya wa ardhi wa chaja unaweza kukuunganisha na vyuma vyote vya bandari kupitia udongo. Kuna watu wanaokata waya huo wa ardhi ili kuokoa aluminiamu. Usifanye. Waya huo unaokoa maisha siku chaja inaharibika na mtoto anagusa boti akiwa majini. Toa batri, ipeleke juu nchi kavu, ichaji pale. Ni mzito, ndiyo, lakini vijana wa kubeba wako.

Kipande gani cha kujitolea?

Hapa wauzaji wanachanganya watu. Zinki ni ya bahari. Kwenye maji ya ziwa inajifunika ganda gumu, na ndani ya miezi kadhaa inalala usingizi ingawa inaonekana nzima. Magnezi ni kali, inafaa mito yenye maji yasiyopitisha umeme, kama mto Kongo na matawi yake. Kwenye maji ya Kivu magnezi inaweza kuzidisha: inasukuma bodi ya aluminiamu kupita kiasi, maji yanayogusa bati yanakuwa ya magadi, rangi inavimba kuzunguka kipande, na bodi inaliwa na ulinzi wake mwenyewe. Kwa maziwa yetu, kipande cha aluminiamu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo ndicho tungechagua, na kukikagua kila miezi mitatu.

"Aluminiamu ilinde aluminiamu?" Muzee alicheka tulipomwambia. Siri yake ni kwamba imechanganywa na zinki na indiamu kidogo ili isiweze kujijengea ile ngozi, basi inajitoa mbele ya bodi. Kwa hiyo kipande cha sufuria iliyoyeyushwa na wafua sufuria hakifanyi kazi hiyo, hata kikiwa kinang'aa namna gani. Kijana mmoja alikuwa tayari amekwenda kukitafuta.

Boti ya muzee ilikaa juu ya mchanga wiki tatu. Fundi alipima kina cha mashimo kwa ncha ya msumari na rula ndogo. Yale yasiyofika nusu ya unene wa bati yalisafishwa kwa brashi ya nailoni, si ya chuma, maana nyuzi za chuma zinavunjika na kubaki ndani, kisha yakajazwa gundi ya epoksi na kupakwa rangi upya. Sehemu ya nyuma iliyotoboka ilikatwa kabisa, ikawekwa bati jipya la aluminiamu ya boti na kusudwa na mtu mwenye mashine ya gesi ya argoni. Mwanzoni muzee alitaka kipande cha bati la chuma na riveti, ili arudi kazini haraka. Bati la chuma lingeshika vizuri siku ile, halafu lingeanza kuila aluminiamu kuzunguka kila riveti.

Taa nne zina waya nane sasa. Lile tundu la bulo chini ya ubao lilifungwa. Swichi ya kukata batri iko karibu na kiti cha kapiteni, na muzee amempa kapiteni amri moja: asishuke bila kuizungusha. Tarehe ya kupandisha boti tena ili kutazama kile kipande kipya cha nyuma imeandikwa kwa rangi nyeusi ndani ya kifuniko cha sanduku la batri.